Nzi wanarudi kila wiki: fuata dalili mpaka ulipo uzao wao (Nyanda za Juu Kusini, Tanzania)

Malalamiko ya nzi kutoka Uyole, Kihesa, Makambako na Tukuyu yanafanana sana. Mtu kapuliza dawa jioni, asubuhi kazoa nzi waliokufa kwa ufagio, siku ya tatu au ya nne wamejaa tena. Mwingine anauliza, Njombe na baridi yote hii, nzi wanatoka wapi? Mwingine kabadilisha dawa dukani mpaka hela imekwisha. Karibu wote wanapambana na nzi anayeruka, na huyo ni sehemu ndogo tu ya tatizo. Wengi zaidi wako chini kwenye unyevu, bado mayai, mabuu na pupa, na dawa ya kupuliza haiwafikii.

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta inayofanana na yako, anza na chanzo cha kwanza kilichoandikwa kwa sababu ndicho kinachokutwa mara nyingi, kisha shuka. Ila soma kwanza hesabu ya siku, maana bila hiyo hutajua kama ulichofanya kimefanya kazi.

Hesabu ya siku

Nzi jike wa nyumbani hutaga mayai 75 hadi 150 kwa mkupuo, na maishani mwake anaweza kufikisha kama 500. Kukiwa na joto, mayai yanaanguliwa kabla siku haijaisha. Buu hula kwa siku 4 hadi 7 penye joto zuri. Akishashiba anahama: anaacha uchafu uliolowa, anatambaa kutafuta pakavu pembeni, anajichimbia na kugeuka pupa. Pupa ni kidude kigumu cha kahawia iliyokolea, ukubwa wake kama punje ya ngano, hakitembei wala hakili. Kwenye joto la nyuzi 32 hadi 37 nzi anatoka humo baada ya siku 2 hadi 6. Jumla, kutoka yai hadi nzi anayeruka ni siku 7 hadi 10 mambo yakimnyookea. Nzi kamili huishi wiki 2 hadi mwezi hivi; akikosa chakula kabisa hamalizi siku 3.

Baridi inabadilisha namba hizo. Kwenye nyuzi 12 hadi 17 buu huchukua siku 14 hadi 30 kukua, na pupa kwenye nyuzi 14 hivi hukaa siku 17 hadi 27. Mzunguko mzima unaweza kufika miezi miwili. Kumbuka neno hapa ni kuchelewesha. Baridi ya Makete au Mafinga inawachelewesha tu, wanabaki wazima.

Na hata huko kuchelewa kuna mahali hakupo. Nenda kwenye lundo la samadi alfajiri ya Julai, chomeka fimbo, ukiichomoa utaona mvuke. Samadi mbichi ikiwa inaoza inajipasha joto yenyewe, hivyo buu aliye ndani, sentimita chache kutoka juu, anaishi kwenye joto la Kyela wakati wewe juu umevaa koti. Ndiyo maana nyumba yenye ng'ombe wawili pale Njombe inaweza kuwa na nzi mwaka mzima, na jirani asiye na mfugo asiwaone tangu Juni.

Jambo moja zaidi linalowapoteza watu: nzi mdogo si mtoto wa nzi mkubwa. Nzi akishatoka kwenye pupa haongezeki kimo. Ukiona wadogo, ama ni aina nyingine kabisa, ama walikulia mahali penye chakula kidogo. Kuwatofautisha ndiyo nusu ya kazi.

Dalili: nzi wa kawaida wa kijivu wamejaa jikoni na sebuleni, wanarudi siku 3 hadi 7 baada ya kupuliza

Vyanzo, kuanzia kinachokutwa zaidi:

1. Samadi ya ng'ombe, nguruwe au mbuzi, yako au ya jirani.
2. Matandiko ya banda la kuku yaliyolowa, hasa chini ya vyombo vya maji.
3. Ndoo au shimo la taka za jikoni lililo wazi.
4. Machicha ya pombe na mabaki ya chakula cha nguruwe yaliyoachwa kwenye pipa.
5. Nzi wamezoea dawa unayotumia.

Ukaguzi ni wa kijiti na macho. Usichimbe katikati ya lundo. Fukua pembeni na kwa juu, sentimita 5 hadi 10, pale ambapo pana unyevu lakini hapatiririki. Mabuu meupe yenye ncha upande mmoja yakijikusanya, umepata kiwanda. Kisha hamia kwenye udongo mkavu unaozunguka lundo, chini ya mbao, kwenye nyufa za ukuta wa banda. Ukikuta pupa za kahawia, jua hao ni nzi wa wiki ijayo. Pupa yenye tundu upande mmoja ni ganda tupu, mwenyewe kashatoka. Watu wengi wanaondoa samadi vizuri kabisa halafu wanauacha ule udongo wa pembeni, na nzi wanaendelea kutoka hapo.

Kwenye banda la kuku kamata matandiko kwa mkono uliovaa glovu, ukamue. Yakishikana na kubaki donge, yamelowa kupita kiasi. Mafinga na Sao Hill maranda hayana shida kupatikana, kwa hiyo sioni sababu ya mtu wa huko kuwaacha kuku wake kwenye tope. Toa sehemu iliyolowa tu, tandika kavu, na nyanyua chombo cha maji kwenye tofali ili kuku wasimwage.

Kwa samadi, kanuni ni moja: iondoe haraka kuliko buu anavyokua. Mara moja kwa wiki ni kiwango cha chini. Kwenye joto la Usangu au Kyela fanya mara mbili. Ukishaiondoa una njia mbili. Ya kwanza ni kuitandaza shambani kwa tabaka jembamba ili ikauke kwa siku moja au mbili, maana buu hawezi kukua kwenye samadi kavu. Hii inafaa kiangazi tu. Masika, hasa Rungwe ambako mvua haikatiki kirahisi, samadi iliyotandazwa inabaki imelowa na unakuwa umewasambazia chakula. Hapo tumia njia ya pili: irundike pamoja, ishindilie, funika kwa nailoni nzito na ukandamize kingo zote kwa udongo. Joto linapanda mpaka mabuu hayawezi kuvumilia. Baada ya siku 4 au 5 ligeuze lundo, kilichokuwa nje kiingie ndani, ufunike tena. Ukiacha upenyo hata mmoja kwenye kingo, mabuu yatakimbilia hapo kwa sababu ndipo penye baridi.

Sakafu ya zizi nayo itazame. Yenye mashimo inahifadhi mkojo, na samadi iliyochanganyika na mkojo ndiyo chakula chao bora. Kuziba mashimo kwa saruji na kuweka mteremko kunapunguza nzi kuliko chupa nyingi za dawa.

Kuhusu dawa kuzoeleka: si hadithi ya wauza maduka. Nzi wa nyumbani walianza kuonekana wakihimili DDT miaka ya 1940, muda mfupi baada ya dawa hiyo kuanza kutumika, na tangu hapo wamezoea aina nyingi. Ukiona nzi anaanguka, anatetemeka, kisha anaamka na kuruka, acha kuongeza kipimo. Tumia karatasi za gundi ndani, weka wavu kwenye madirisha, na nguvu zako zipeleke kwenye samadi.

ACHA na tafuta mtaalamu ikiwa: umefikiria kutumia dawa ya nyanya au viazi ndani ya nyumba au juu ya vyakula vya mifugo. Dawa za shambani hazikutengenezwa kwa ajili hiyo, na mabaki yake yanaingia kwenye maziwa na mayai. Muulize bwana mifugo dawa iliyoruhusiwa na siku za kungoja kabla ya kukamua au kuuza. Mtu akiwa amekunywa au kuvuta dawa, mkimbize kituo cha afya pamoja na chupa yenyewe, usimlazimishe kutapika.

Dalili: Juni hadi Agosti hakuna nzi, Septemba wanafumuka ghafla

Watu wanadhani wamehamia kutoka bondeni. Mara nyingi ni wale wale wa hapo hapo. Mabuu na pupa waliobaki kwenye lundo na kwenye udongo wa banda walikuwa wanakua polepole msimu wote wa baridi, na jua likianza kushika wanatoka kwa pamoja badala ya kutoka kidogo kidogo. Ukaguzi wake ufanyike mapema: mwishoni mwa Julai fukua pembe za banda na msingi wa lundo. Pupa zikiwapo, kwangua udongo huo wa juu wote, kina cha kiganja hivi, uchanganye kwenye lundo la moto lililofunikwa. Kazi ya siku moja Julai ni rahisi kuliko ya mwezi mzima Oktoba, tena mvua za Novemba zikikuta uzao wa kwanza umeshataga, hali inakuwa ngumu zaidi.

Dalili: nzi wakubwa wa kijani au bluu ya kung'aa, wengi chooni

Hawa si nzi wa nyumbani wa kawaida. Yuko mmoja wa kijani, Chrysomya putoria, ambaye ni mkazi hasa wa vyoo vya shimo vya Afrika. Shimo moja likiwa na unyevu linaweza kutoa nzi wengi kila siku. Akitoka shimoni anakwenda kwenye nyama, samaki na dagaa wanaoanikwa. Mfuatilie kwa macho, utapata jibu la kwa nini mtoto anaharisha.

Kwanza jua choo chako ni cha aina gani, kwa sababu tiba ya kimoja inaharibu kingine.

Choo cha shimo cha kawaida, kisicho na bomba, kinahitaji mfuniko wa kubana. Sababu ya kwanza ya nzi ni mfuniko kukosekana au kukaa upande. Ya pili ni nyufa kati ya sakafu na ukuta, ambazo nzi anazitumia hata mfuniko ukiwa umebana. Ingia mchana, funga mlango, funika tundu, subiri macho yazoee giza. Mwanga unaouona ukitokea chini ni njia ya nzi. Zibe kwa saruji. Jivu likimwagwa kila baada ya kutumia linakausha uso wa uchafu, na nzi hapendi kutaga pakavu.

Choo chenye bomba la hewa ni habari nyingine. Aina hii ilibuniwa Zimbabwe miaka ya 1970, na ufundi wake ni kwamba nzi anayezaliwa shimoni anafuata mwanga. Chumba kikiwa na giza, mwanga pekee anaouona ni wa juu ya bomba. Anapanda, anakuta wavu, anafia hapo. Upepo nao unapita tundu la choo kwenda chini, kisha juu kupitia bomba, ukiondoa harufu. Sasa ukiweka mfuniko kwenye tundu hilo umekata upepo. Ukiweka dirisha kubwa au bati la kupitisha mwanga, nzi wanakuja chumbani badala ya bombani. Nimeona vyoo vizuri sana vikiharibiwa na dirisha lililoongezwa kwa nia njema.

Kagua hivi: washa udi au ubani, shika moshi juu ya tundu. Ukivutwa chini, bomba linafanya kazi. Ukipanda usoni kwako, bomba limeziba au upepo haupati pa kuingilia. Panda ngazi utazame wavu. Wa plastiki laini unakatika na jua pamoja na hewa ya shimoni. Tumia wa alumini, chuma kisichoshika kutu au nyuzi za kioo, matundu yasizidi milimita 1.5. Utando wa buibui ndani ya bomba unatosha kuzuia hewa, mwagia maji ya ndoo kutoka juu. Bomba liwe limenyooka, lenye upana wa milimita 100 au zaidi, na lipite paa kwa nusu mita.

ACHA: usimwage petroli wala mafuta ya taa shimoni. Hewa ya shimo inashika moto na watu wameungua. Usishuke shimoni kwa sababu yoyote, hata simu ikidumbukia. Hewa yake inaua kimya. Sakafu ikiwa imepasuka au inalia ukikanyaga, funga choo hicho leo. Uchafu ukikaribia nusu mita kutoka sakafuni, au maji ya ardhini yakipanda kama inavyotokea Tukuyu na Kyela masika, piga simu gari la majitaka au mwite bwana afya akupimie mahali pa shimo jipya.

Dalili: nzi wakubwa wa bluu wametokea ghafla kwenye dirisha moja, wakati nyumba ni safi

Karibu kila mara ni panya aliyekufa, hasa wiki moja au mbili baada ya kuweka sumu. Angalia darini juu ya chumba hicho, nyuma ya magunia ya mahindi, chini ya kabati. Nzi hawa wanataga kwenye mzoga ndani ya saa chache, mabuu wanakula, kisha wanahama kutafuta pakavu; ndiyo maana unaweza kukuta buu katikati ya sakafu ya chumba na usijue limetoka wapi. Toa mzoga kwa glovu, uzike. Usipoufikia, tatizo litakwisha lenyewe mzoga ukikauka. Karatasi ya gundi dirishani inatosha kwa kipindi hicho.

Kisichokutwa sana, lakini usikipuuze: kidonda. Nzi wakimng'ang'ania ng'ombe, mbwa au mgonjwa aliyelala, funua bandeji. Mabuu yakiwa kwenye kidonda cha mtu, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa mnyama, mwite daktari wa mifugo. Usimwagie dawa ya kuogeshea mifugo kwenye kidonda kilicho wazi.

Dalili: vijinzi vidogo

Tazama vinapotua.

Vikiwa vya kahawia ya njano na vinazunguka ndizi mbivu, maparachichi yaliyolainika, chupa za bia, au vipande vya mwanzi vya kukingia ulanzi, ni nzi wa matunda. Kwenye nyuzi 25 wanatoka yai hadi nzi kwa siku 8 hadi 10. Chanzo cha kwanza ni tunda moja lililooza chini ya tenga. Cha pili ni mabaki ya kinywaji kilichochachuka chini ya kreti au kwenye dekio. Osha vyombo vya ulanzi kila siku kwa maji moto, usiridhike kusuuza. Siki kidogo kwenye kikombe pamoja na tone la sabuni ya maji huwanasa waliobaki.

Vikiwa na mabawa mapana yenye manyoya, vinatua ukutani bafuni na kuruka kivivu, ni nzi wa mabomba. Uzao wao uko kwenye ule utelezi ndani ya bomba la sinki au chemba. Bandika utepe wa gundi juu ya tundu la sinki usiku, gundi itazame chini, acha upenyo mdogo. Asubuhi ukikuta wamenata, umepata tundu lenyewe. Kemikali hupita juu ya utelezi bila kuutoa. Sugua kwa brashi ndefu, usuuze, urudie kila siku chache kwa wiki tatu, kwa kuwa mzunguko wao ni wiki 1 hadi 3. Usichanganye dawa ya klorini na siki wala sabuni ya choo yenye asidi, hewa inayotoka inaunguza mapafu. Utepe ukiwa mtupu kwenye matundu yote na bado wapo, kuna bomba limepasuka chini ya sakafu. Hapo ni kazi ya fundi bomba.

Funza waliomo ndani ya embe lenyewe ni habari ya shambani. Mmoja wa wahusika wakuu ni nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 kabla ya kuenea sehemu kubwa ya Afrika. Jike anataga chini ya ganda la tunda, buu akikomaa anaanguka na tunda na kuwa pupa udongoni. Okota matunda yaliyoanguka kila siku, yafunge kwenye mfuko mweusi juani wiki mbili. Bwana shamba atakuelekeza mitego.

Dalili: ng'ombe wanapiga miguu chini, wanarusha mikia, maziwa yamepungua

Nzi wa nyumbani hana mdomo wa kuuma; analoweka chakula kwa mate na kukifyonza. Anayeuma miguu ya ng'ombe ni nzi wa zizi, anayefanana naye sana ila ana mdomo mgumu uliochongoka mbele. Dume na jike wote wananyonya damu. Hazaliani kwenye samadi tupu. Anataka majani yaliyooza yaliyochanganyika na mkojo. Kwa hiyo fukua chini ya hori, pale mabua ya mahindi na majani ya tembo yanapoangukia na kukanyagwa. Toa mabaki hayo kila wiki, na nzi hao watapungua.

Ukiwa upande wa Idodi, Tungamalenga au Pawaga, karibu na Hifadhi ya Ruaha, nzi anayeuma kwa maumivu makali mchana na kukunja mabawa moja juu ya lingine mgongoni ni mbung'o. Maisha yake ni tofauti na ya wote niliowataja. Hatagi mayai. Jike analea buu mmoja tumboni na kumzaa kila siku 9 au 10, buu anajichimbia mara moja na kuwa pupa kwa kama mwezi. Hakuna lundo la kuondoa. Kusafisha zizi hakumgusi. Anavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, kwa hiyo vaa khaki.

ACHA kujitibia: ng'ombe anayekonda huku anakula, ana homa za kupanda na kushuka na tezi zimevimba, apimwe damu na daktari wa mifugo kwa nagana, ugonjwa wa mifugo unaoletwa na mbung'o. Mtu aliyeumwa na mbung'o akapata homa, kichwa kuuma au uvimbe mahali alipoumwa, aende hospitali na ataje waziwazi kwamba ametoka porini. Malale (ugonjwa ambao mbung'o huwaambukiza watu) ya upande wetu wa Afrika huenda kasi, si ya kusubiri dawa za malaria zishindwe kwanza.

Dalili: jipu lenye kitundu katikati, ndani kunachezacheza

Yuko nzi anayetaga kwenye mchanga wa kivulini wenye harufu ya mkojo na kwenye nguo zilizoanikwa zikiwa bado na unyevu. Buu akianguliwa anaweza kungoja siku 9 hadi 15 mpaka apate ngozi ya kuingia. Ndani ya ngozi anakomaa kwa siku 8 hadi 12. Chanzo cha kwanza ni nguo zilizoanikwa chini au kivulini, hasa nepi. Anika juani kwenye kamba, na piga pasi pande zote mbili, mishono na mikanda zaidi. Masika, nguo zinapokauka ndani kwa siku nyingi, usiruke pasi.

Usimkamue wala usimtoboe kwa pini. Akipasukia ndani, jipu linavimba na kutunga usaha. Nenda zahanati watamziba pumzi kwa mafuta mazito na kumtoa mzima. Akiwa karibu na jicho, au mtoto ana mengi na homa, usichelewe.

Dalili: nzi wanang'ang'ania macho ya watoto

Nzi huyu, Musca sorbens, hupenda majimaji ya macho na anazaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi. Shimo la choo halimfai. Anabeba vimelea vya vikope, ugonjwa unaopofusha taratibu. Akionekana kwa wingi, kuna watu wanajisaidia vichakani, au kinyesi cha watoto wadogo kinatupwa nyuma ya nyumba. Osha nyuso za watoto kila siku, kinyesi chao kitupwe chooni, na macho yenye usaha au kope zilizogeukia ndani yapelekwe kituo cha afya.

Ambavyo si tatizo

Mabuu makubwa, bapa, ya kahawia yenye ngozi ngumu kwenye lundo la mboji ni ya nzi askari mweusi. Nzi wao mkubwa haingii jikoni kutafuta chakula, na penye mabuu hayo nzi wa nyumbani hupungua. Waache, kuku wanawapenda. Na yale mawingu yanayopanda juu ya Ziwa Nyasa upande wa Matema ni wadudu wadogo waitwao kungu. Hawaumi na hawadumu, na hakuna dawa ya kupuliza kwa ajili yao.

Dalili: umefanya yote, bado wapo

Angalia kwanza tarehe. Siku uliyosafisha banda, pupa waliokuwa udongoni waliendelea kutoka, na nzi waliokuwa hai bado wana wiki kadhaa. Kyela na Usangu wape wiki 3. Mbeya mjini na Iringa wiki 4 hadi 5. Njombe na Makete msimu wa baridi, wiki 8. Pima kwa karatasi ya gundi: tundika moja mahali pale pale kwa siku moja kila wiki, hesabu walionata, andika ukutani. Namba ikishuka hata polepole, endelea. Kubadilisha mbinu kila baada ya siku tatu ndiko kunakowachosha watu.

Muda ukipita na namba haishuki, chanzo hakiko kwako. Nzi wengi hawaendi zaidi ya kilomita 3 kutoka walipozaliwa, mara nyingi ni karibu zaidi. Tundika karatasi pande nne za uwanja. Upande unaojaa haraka ndiko wanakotokea. Nenda kwa mwenye nyumba wa upande huo ukiwa na karatasi mkononi, mkafukue samadi yake pamoja. Wengi wanakubali wakiona pupa kwa macho yao. Ikiwa ni dampo, machinjio au banda kubwa la biashara na mazungumzo yameshindikana, peleka malalamiko kwa mtendaji wa mtaa na bwana afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa ofisa afya mamlaka ya kukagua eneo na kuagiza kero iondolewe. Mpe na ile hesabu yako ya ukutani, ikiwa na tarehe zake.